Mwiko wa mtoto na mwiko wa jikoni

Mwanangu wa pili ana miaka saba, anasoma darasa la pili katika shule ya kutwa hapa Arua, na hawezi kula karanga wala ufuta. Ukimweleza jambo hilo mtu wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, atakupa pole na mazungumzo yataendelea. Ukimweleza mtu wa huku kwetu, West Nile au Acholi, atakuuliza kwanza mtoto huyo anaishi kwa kula nini. Swali lake ni la haki. Kaskazini mwa Uganda mboga haihesabiwi kuwa imeiva mpaka iungwe, na inaungwa kwa odii, lile rojo zito la karanga na ufuta (simsim, kama tunavyouita hapa) vilivyokaangwa na kusagwa pamoja. Majani ya kunde huungwa, maharage huungwa, nyama kavu huungwa, hata samaki wa kukausha huungwa. Mgeni akiletewa mboga isiyoungwa atadhani mwenyeji ameishiwa, au hakumfurahia.

Tuligundua tatizo akiwa na mwaka mmoja na nusu, nyumbani kwa bibi yake Koboko, alipolambishwa odii kwenye ncha ya kidole. Mabaka yalimtoka shingoni, jicho moja likavimba, na bibi yake akaapa kwamba ameumwa na nyigu. Mara ya pili hakukuwa na nyigu wa kusingiziwa: alitapika, kifua kikaanza kupiga mluzi, na daktari wa watoto aliyetupokea akatueleza kwa utulivu kwamba huu ni mzio mkali, kwamba safari nyingine unaweza kuwa mbaya zaidi au nafuu zaidi na hakuna awezaye kubashiri, na kwamba dawa yake ni moja tu, adrenalini, inayodungwa haraka kwenye msuli wa paja.

Alipofikia umri wa kuanza shule nilijiona mama makini, kwa sababu nilijaza fomu. Palikuwa na mstari ulioulizia maradhi ya mtoto, nami nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ana mzio mkali wa karanga na ufuta, nikapigia mstari chini mara mbili. Fomu iliandikwa kwa Kiingereza, ikajazwa kwa Kiingereza, ikatiwa katika faili, na faili likafungiwa kabatini ofisini. Mpishi wa shule, ambaye ndiye anayeamua saa saba ya mchana ni nini kitaingia kinywani mwa mwanangu, hajui Kiingereza, na hakuna aliyekwenda jikoni kumsomea. Wala mimi sikwenda. Nilikuwa nimemaliza kazi yangu, au hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nimelirudia kosa hilo moyoni mara nyingi kuliko la mtu mwingine yeyote katika kisa hiki.

Chakula cha shule yetu ni kile kile cha shule nyingi za Uganda: uji saa nne, posho (ugali wa mahindi) na maharage saa saba. Kwa muhula mzima mambo yalikwenda salama kwa sababu moja isiyohusiana na uangalifu wa mtu yeyote, nayo ni kwamba maharage yalikuwa hayaungwi. Karanga ni ghali. Kisha katika muhula wa pili kamati ya wazazi ikakubaliana kuongeza mchango kidogo ili watoto wale vizuri zaidi, na mchango ule ulipofika jikoni ukageuka odii. Nami nilikuwa miongoni mwa walioinua mikono kuukubali.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilipigiwa simu nikiwa darasani, nafundisha ngeli kwa wanafunzi wa sekondari, nikaambiwa kwamba mtoto “anajikuna kidogo”. Nilipofika kwa bodaboda nilimkuta ameketishwa kwenye benchi nje ya ofisi, midomo imevimba, sauti imekauka kama ya mzee, na mkononi ameshikishwa kikombe cha maziwa, kwa kuwa mtu fulani aliamini kwamba maziwa huzima sumu. Alikwisha kupewa kidonge kimoja cha njano cha kuzuia muwasho. Muwasho kweli ulikuwa umepungua, na hilo ndilo lililowapa watu wote pale matumaini, ilhali mimi lilinitia hofu, maana ngozi ilikuwa imetulia huku kifua kikizidi kubana. Vidonge vile hupunguza vipele; havifungui koo wala havipandishi shinikizo la damu linaloporomoka. Walimtembeza mpaka langoni ili tupate usafiri upesi. Hata hilo silo, kwa sababu mgonjwa wa hali hiyo hulazwa chali miguu ikiinuliwa, au akishindwa kupumua huketishwa, lakini hasimamishwi na hatembezwi, kwani kusimama ghafla kunaweza kuuzimisha moyo ambao tayari hauna damu ya kutosha ya kusukuma.

Katika zahanati tuliyokimbilia, ambayo sitaitaja, walianza kutafuta mshipa ili wamtundikie dripu na kumpa haidrokotisoni. Niliwaomba adrenalini. Wakaniambia tusubiri tuone. Niliwaomba tena kwa sauti ambayo mwalimu wa Kiswahili hapaswi kuitumia mbele ya wagonjwa, na muuguzi kijana aliyekuwa pembeni, Mungu amlinde, akavunja ampuli, akavuta 0.2 ml, akamdunga upande wa nje wa paja, katikati, kupitia kaptula ya sare. Kipimo ni hesabu rahisi: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, naye alikuwa na kilo 20, yaani miligramu 0.2, na kila mililita ya dawa hiyo ina miligramu 1. Dakika chache baadaye alianza kulia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Tulizuiwa pale mpaka usiku, na kwa hilo niliwashukuru, kwa sababu hali hii inaweza kurudi saa kadhaa baada ya mtu kudhani imekwisha.

Siku nne baadaye nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima, akaniomba radhi, kisha akanikumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inamtwika mzazi jukumu la chakula cha mtoto wake, kwa hiyo jambo jepesi lingekuwa nimfungie chakula cha nyumbani. Sikubishana naye kuhusu sheria, maana ndivyo ilivyo. Nilimwambia tu kwamba chakula cha nyumbani kinamlinda mtoto anayekula peke yake, na sijawahi kumwona mtoto wa Uganda anayekula peke yake. Wanamegeana posho, wanaonjana, wanabadilishana kabalagala (vitumbua vya ndizi) kwa chapati, na anayekataa kuonja cha mwenzake huitwa mchoyo au mwenye kiburi. Isitoshe, kuna uji wa saa nne, na kuna keki ya kila mzazi anayetaka sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe ijulikane darasa zima. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda jikoni.

Mpishi wetu ni mama wa Kinubi wa makamo, aliyehiji, na kila mtu humwita Hajati. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu kinga ya mwili na protini, lakini nilipomwona amesimama mbele ya sufuria ya kulisha watoto mia tatu, moshi machoni, maelezo yale yakaniishia mdomoni. Nikamwambia, “Hajati, karanga na simsim kwa kijana huyu ni mwiko.”

Aliacha kukoroga. “Mwiko wa ukoo, Mwalimu, au mwiko wa dawa?”

“Wa mwili wake mwenyewe, Hajati. Akionja, anaweza kufa kabla hatujafika hospitali.”

“Basi hata mwiko niliokorogea odii haufai kuingia kwenye chakula chake,” alisema, akinionyesha ule mti alioushika mkononi. “Na wewe mbona hukuniambia tangu mwanzo?”

Sikuwa na jibu. Lakini njiani kurudi nyumbani nililitafakari neno lile, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, na linapofika jikoni kwetu huwa halina mizizi yoyote. Linasikika kama ugonjwa wa watu wenye friji. Mzio, kwa upande wake, ni neno letu la kale, na kabla halijaazimwa na madaktari lilimaanisha kile ambacho mtu hakili kwa sababu amekatazwa au kinamdhuru. Watu wa Buganda wana omuziro, mwiko wa ukoo, ambao nashawishika kuuona kuwa ndugu wa mzio: mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, wa ukoo wa Mamba hali kambare mamba, na hakuna mpishi wa arusi atakayemtania kwamba aonje kidogo tu atazoea. Mtu wa huku anajua tangu utotoni kwamba mwiko haupimwi kwa wingi. Haulizi, “kiasi gani kinadhuru?” Anajua pia kwamba chombo kilichogusa kitu cha mwiko kimekuwa cha mwiko. Hilo la chombo ndilo nililoshindwa kumfahamisha mwalimu mkuu kwa robo saa nzima, ilhali Hajati alinitamkia yeye kabla sijamaliza kueleza.

Ni kweli kwamba mfano huu una mpaka wake. Mwiko wa ukoo hurithiwa, mzio wa karanga haurithiwi hivyo. Na Hajati aliogopa hata harufu, nikamtuliza kwamba harufu ya karanga peke yake haimwangushi mtoto, hatari iko kwenye kumeza, hata kama ni chembe. Ila kwa samaki na viumbe vyenye magamba mambo hubadilika kidogo, kwa sababu mvuke wa sufuria unaweza kubeba protini zenyewe hewani. Na kwa kuwa nimewataja senene, mzazi ambaye mtoto wake ana mzio wa kamba wa baharini awe macho msimu wao unapofika, kwa sababu wadudu hao na kamba wana protini zinazofanana mno.

Utaratibu wetu ulipangwa na Hajati, si mimi, na ndiyo maana umedumu. Aliniagiza nilete sufuria ndogo yenye kifuniko na mwiko mpya. Nilinunua mwiko sokoni, nikaufunga mpini kwa kipande cha kitenge cha njano, na yeye akaupigilia msumari wake ukutani, mbali na miiko mingine, upande wa mlango ambako hakuna mvuke wala mtu anayepita na rojo mkononi. Maharage ya mwanangu huchotwa kwenye sufuria kubwa yakiwa yameiva lakini hayajaungwa, wakati ndoo ya odii bado imefunikwa, yakatiwa katika sufuria yake na kufunikwa. Posho yake hukatwa kwanza kabla ya upawa wowote kuzamishwa kwenye mboga ya wengine. Naye hupakuliwa wa kwanza. Hakuna gharama mpya ndani yake isipokuwa vile vyombo viwili. Kuungwa hufanyika dakika za mwisho za mapishi, kwa hiyo kila jiko la shule lina ule muda mfupi ambao chakula cha wote bado kinamfaa mtoto huyu mmoja. Tulichofanya ni kuchota wakati huo.

Uji ulitusumbua zaidi. Unga wa shule husagwa kwenye mashine ya sokoni, na mwenye mashine alinijibu kwa uaminifu kwamba asubuhi husaga mtama na mihogo, mchana soya, na mara nyingine mtu huleta unga wa lishe wa watoto wachanga wenye mtama, soya, karanga na dagaa mukene, vyote pamoja katika mfuko mmoja. Husafisha mashine kwa kusaga mihogo kidogo na kuimwaga. Hapo nilikubali kushindwa. Uji wa mwanangu unatoka nyumbani kwenye chupa ya chai, wa nafaka ninayoichambua na kuitwanga mwenyewe kwenye kinu ambacho hakijawahi kuona karanga, na sioni aibu kuanza siku kwa kutwanga.

Kunawa mikono nako kulihitaji marekebisho. Tangu shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kile kipindi kirefu cha korona, darasa letu limekuwa na chupa ya sanitaiza mlangoni, na watoto wameaminishwa kwamba ukipaka umetakata. Sanitaiza huua vijidudu, lakini karanga si kijidudu; protini yake hubaki pale pale kiganjani. Sabuni na maji ndivyo vinavyoiondoa, na maji matupu hayatoshi. Mwalimu wa darasa alilielewa hili mara moja, na sasa darasa zima hunawa kwa sabuni baada ya kula pia, si kabla tu.

Kuhusu dawa, mambo ni ya kuudhi lakini yanawezekana. Zile sindano za kujidunga zenye kipimo tayari ndani yake, ambazo katika shule za Marekani na Uingereza huwekwa ukutani au kwenye mkoba wa mtoto, mimi sijazipata katika duka lolote la dawa hapa mjini. Adrenalini yenyewe, ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1, ni dawa ya kale, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake si ya kumtisha mzazi. Nimeweka ampuli mbili shuleni katika kopo lisilopenyeza mwanga, pamoja na mabomba mawili ya sindano ya mililita 1 na karatasi yenye kipimo chake, uzito wake wa muhula huu na picha yake. Mwalimu mlezi alifundishwa na muuguzi kuvunja ampuli na kuvuta dawa, akafanya mazoezi kwa maji na chungwa. Wakuu wa shule walibishana nami kuhusu ufunguo. Walitaka kopo likae kwenye kabati la ofisi, lile lile lililomeza fomu yangu, nami nikawauliza ufunguo hukaa na nani mwenye ufunguo akienda benki. Kopo sasa liko juu ya rafu, juu kuliko mikono ya watoto, bila kufuli.

Maneno ya watu sitayapa nafasi kubwa. Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu, na wapo, hasa upande wa mashangazi, wanaosema nilichelewa kumlisha karanga. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake unaostahili kusemwa vizuri. Utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto 640 wa umri wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Waliokatazwa karanga mpaka miaka mitano, takriban 17 katika kila 100 walipata mzio wake, na waliolishwa mapema ni 3 tu katika kila 100. Kwa hiyo bibi zetu wanaotia karanga kwenye kitobero, kile chakula cha mchanganyiko cha mtoto mchanga, wanafanya jambo jema, na sitaki mzazi yeyote asome kisa changu akaanza kumnyima karanga mtoto asiye na tatizo. Lakini wale watatu nao wapo. Na mtoto ambaye tayari anavimba hazoeshwi kwa kulambishwa kidogo kidogo nyumbani. Matibabu ya aina hiyo hufanywa na mabingwa, kwa vipimo vya miligramu, dawa ya dharura ikiwa mezani. Shangazi yake mmoja alitaka kujaribu sikukuu ya Idi. Tulielewana, ingawa hatukuelewana kwa upole.

Lililobaki gumu ni mahali pa kukaa. Mwanzoni walimtengea meza yake, safi, chini ya mwembe, na kwa wiki mbili alirudi nyumbani na chakula nusu. Nilidhani Hajati hapiki vizuri bila odii. Kumbe alikuwa halii njaa. Alikuwa analia upweke. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeligundua, akawaruhusu wenzake wawili waketi naye kwa sharti kwamba siku hiyo na wao wapakuliwe kutoka sufuria yenye mwiko wa njano. Zamu hiyo imekuwa ya kugombaniwa, na Hajati analalamika kwamba sufuria niliyomletea haitoshi.

Mwezi uliopita Hajati alikwenda matangani Bombo kwa siku nne bila kutuarifu, na msaidizi wake, binti mgeni asiyejua lolote, akampakulia kama wote. Mwanangu alimwuliza swali moja tulilomfundisha, “Imeungwa?” Binti akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, tena vizuri. Mwanangu akarudisha sahani, akashinda na njaa, na jioni akarudi nyumbani na barua ya shule ya kulalamikia utovu wake wa adabu. Nilikwenda jikoni asubuhi iliyofuata nikazungumza na yule binti kwa Kiswahili, taratibu, nikimwonyesha msumari, kitenge na sufuria. Hakuwa ameambiwa na mtu, kama vile Hajati hakuwa ameambiwa na mtu, na barua ile niliirudisha kwa mwalimu mkuu pamoja na ombi kwamba kila anayeajiriwa jikoni aonyeshwe msumari ule siku yake ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa mahali pa kuni.

Muhula wa tatu unafunguliwa Septemba. Ampuli zilizoko shuleni zinamaliza muda wake mwezi huo huo, kwa hiyo nyingine nimekwisha kuziagiza, na mtoto ameongezeka kilo mbili, maana yake karatasi ya kipimo itaandikwa upya: 0.22 ml. Hajati naye ameniambia kwamba mwiko umepasuka ncha. Jumamosi nitapita sokoni kununua mwingine, na kitenge cha njano bado ninacho.